Kazi Mmetuahidi, na Afya ya Mfanyakazi Je?

Wadau, haya ndiyo niliyowaambia vijana wenzangu kwenye kikao chetu Garsen. Nimeyakata vipande yatoshee kwenye uzi. Kama kawaida, simtaji mtu wala chama.

1/ Kila msimu wa kampeni neno ni moja: ajira. Mpunga wa delta, mifereji ya Hola na Bura, vijana wapate kazi. Sawa, kazi tunaitaka. Lakini ni lini mlisikia mgombea akiulizwa: mfanyakazi akiugua kwa sababu ya hiyo kazi, itakuwaje?

2/ Chukua kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji yanayokwenda polepole, vikapenya ngozi ya mtu. Nani anashinda majini? Mpanda mpunga, msafisha mfereji, mvuvi. Baadaye anakojoa damu. Dawa ipo, inatibu, ila haizuii kuambukizwa tena. Anameza leo, kesho anarudi majini manake ndiko unga uliko.

3/ Kwa miaka mingi upimaji na ugawaji wa dawa umelenga zaidi watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima nao wapewe, pale maambukizi yanapofika asilimia 10. Ni hatua. Lakini mtu mzima akifika zahanati asiulizwe anafanya kazi gani, takwimu zitasema ni ugonjwa wa kijiji, si wa kazi. Na kisichohesabiwa hakipati bajeti.

4/ Ati sheria hakuna? Ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa kila mahali pa kazi, hata kwa aliye hapo kwa muda tu. Shamba limo, kibarua yumo. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inahusu pia magonjwa ya kazini. Ila fidia hudaiwa mwajiri. Mvuvi na anayelima kipande chake watamdai nani?

5/ Halafu ule mchezo wa kurushiana mpira. Kwa Katiba ya 2010, viwango vya kazi viko serikali ya kitaifa, vituo vya afya viko kaunti. Ukiuliza huku unaelekezwa kule. Mgonjwa amebaki katikati.

6/ Mzee mmoja alinikatiza: "Mwanangu, njaa huua mapema kuliko kichocho." Kweli, mzee wangu. Ndiyo maana sisemi mradi usije. Nasema uje na buti za mpira, vyoo shambani ili mkojo usirudi mferejini, na vipimo kwa watu wazima.

7/ Kwa hiyo mkutano ujao, mtu akiahidi ajira, muulizeni matatu tu: Nani atawapima wafanyakazi? Nani atalipa? Majibu yataandikwa wapi?

Akijibu "tutaangalia", mjue hajaangalia.