Wanyama Wetu Nao Walihama

Mhadhara wa umma uliotolewa Zuzu, Dodoma



Nimekuja kugombana na dai moja. Nimelisoma vitabuni, nimelisikia kwenye makongamano, na mwaka jana mgeni mmoja alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba enzi ya mwisho ya barafu ilikuwa habari ya kaskazini. Ulaya barafu iliwafukuza wanyama. Ilipoyeyuka, kulungu wekundu na dubu wakarudi kutoka maficho yao ya kusini. Godfrey Hewitt aliyaeleza hayo vizuri mwaka 2000, nami sina la kuongeza. Sisi je? Sisi, ati, tulikuwa na jua letu, na wanyama wetu walikaa pale pale walipoumbwa. Tangu kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, watu wengi wameitazama Serengeti kama bustani ya Edeni ambayo saa yake haijawahi kusogea.

Dai hilo si kweli. Baya zaidi, limetufanya wavivu: nani atachimba kutafuta historia ya wanyama mahali alipoambiwa kuwa hawana historia?

Tuanze na Ziwa Viktoria, na hapa mnivumilie, maana wanafunzi wangu wanajua nikilishika hili siliachi. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza sakafu ya ziwa lile. Walituma mawimbi ya sauti chini ya maji, kisha wakazamisha mabomba na kuvuta mashapo. Chini ya matope laini walikuta udongo mgumu wenye alama za mizizi ya mimea. Udongo ule ulikuwa ardhi iliyopigwa na jua, mahali ambapo leo nyavu za sangara hushuka makumi ya mita! Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000 lilikuwa limekauka katika enzi ile ile ya barafu, na lilianza kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Nani atasimama mbele yangu aseme kwamba maji ya namna hiyo yaliondoka na kurudi, na nyumbu hakuinua kichwa?

Mifupa inasema vivyo hivyo. Rusinga, upande wa Kenya, leo ni kisiwa, lakini kina visukuku vya zaidi ya miaka 30,000 vya wanyama wa nyanda kavu: choroa, punda milia wa Grevy, na Rusingoryx, jamaa wa nyumbu aliyekuwa na kibumba chenye uwazi juu ya pua. Mwaka 1991 Curtis Marean na Diane Gifford-Gonzalez walieleza choroa na punda milia wa Grevy katika mabaki ya kilima cha Lukenya, karibu na Nairobi. Leo punda milia huyo anapatikana kaskazini mwa Kenya na Ethiopia tu. Mvua ziliporudi, nyasi na vichaka vikabadilika, naye akasukumwa. Nyati mkubwa wa pembe ndefu alitoweka kabisa huku kwetu. Wapo wanaowatupia lawama wawindaji. Mimi naona mvua ilianza kazi, na mkuki, kama ulikuwapo, uliimalizia.

Nao waliokwenda kaskazini hawakuwa wachache. Sahara ilipopata mvua na kuota nyasi, twiga na viboko waliingia humo. Kule Dabous, nchini Niger, watu waliwachora twiga kwenye mwamba kwa ukubwa wa twiga hai. Basi hata sisi tuna kaskazini yetu iliyojazwa wanyama upya, ila yetu ilifunguliwa na mvua.

Sasa nije Ugogo, uwanda wetu huu wa kati, ambako moyo wangu uko.

Nikiwa mtoto hapa Zuzu nilichunga mbuzi wa babu, na digidigi walitutazama kutoka vichakani. Babu alisema mnyama yule hahitaji kunywa maji. Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli, majani yanamtosha. Miaka mingi baadaye, katika hifadhi ya Etosha, Namibia, nikamwona tena, pua ile ile ndefu, mlio ule ule wa kushtuka. Mtaniambia digidigi si mnyama mkubwa. Sawa, mtazameni choroa: yupo Tarangire, na ndugu yake yuko Kalahari. Mtazameni na mbweha masikio, naye yuko huku na kule. Kati ya makundi hayo mawili kuna miombo ya Zambia, na umbali kutoka Ruaha hadi Etosha unazidi kilomita 2,000. Wamefikaje pande zote mbili? Jibu la kale la wataalamu ni kwamba palikuwa na njia kavu kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini-magharibi. Njia hiyo haikuwa na pa kupita pengine ila uwanda huu wa kati.

Lazima niwe mwaminifu. Vinasaba vinaonyesha kuwa choroa wa pande hizi mbili walitengana zamani sana, kabla ya baridi ya mwisho, yaani kilele cha enzi ile ya barafu. Mashapo ya Ziwa Nyasa, yaliyochimbwa mwaka 2005, yanaonyesha ukame wa kutisha kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ziwa likishuka mita 600 au zaidi. Baridi ya mwisho haikulifikisha huko. Kwa hiyo mlango mkubwa ulifunguka mapema kuliko wengi wetu tulivyopenda. Hilo nalikubali. Lakini sikubali kwamba ulifungwa moja kwa moja. Mahali panapopata milimita chini ya 600 za mvua kwa mwaka hata leo, katika zama zetu hizi za unyevu, palikuwaje Ziwa Viktoria lilipokuwa vumbi? Nasema njia ilikuwa hapa, na ilitumika.

Kinachohitajika ni mifupa ya Ugogo wenyewe. Wazee wangu, mnapochimba kisima, choo au udongo wa matofali, hapa Zuzu au kule Bahi, mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, msiuvunje wala msiuhamishe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda. Uacheni pale pale ulipolala, mkamwarifu mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.