Mchakamchaka, Utumbo na Utulivu wa Akili

Asubuhi ya mtihani wa taifa, foleni ya chooni huwa ndefu kuliko ya chai. Mwanafunzi aliyekesha na daftari husokotwa na tumbo hata kama hajatia kitu kinywani, na karatasi zikishakusanywa, tumbo hutulia lenyewe. Kinachomsokota ni ubongo wake, unaosemezana na utumbo kupitia neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka chini ya ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni.

Katika maongezi hayo, msemaji mkubwa ni tumbo. Takribani nyuzi 8 kati ya 10 za neva hiyo hupandisha habari kwenda ubongoni. Utumboni pia ndiko inakotengenezwa kiasi cha asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo wengi huiita ya furaha. Hapo watu huteleza: serotonini ya utumboni haiingii ubongoni. Huamsha neva zilizo jirani, nazo ndizo zinazofikisha ujumbe.

Bakteria nao wana lao. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakibanwa wasiweze kujigeuza, hutoa homoni za mfadhaiko nyingi kuliko wenzao wa kawaida. Kwa binadamu, bakteria wa utumbo mpana huchachua makapi ya maharage, dona na mchicha, wakatoa butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kupunguza uvimbe wa ndani.

Mazoezi huingilia hapo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, watu wazima 32 waliozoea kukaa walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, chakula kikiwa kilekile. Bakteria watoao butireti waliongezeka, hasa kwa watu wembamba. Kisha wakarudi kwenye viti vyao kwa wiki 6 nyingine, na sehemu kubwa ya faida ikapotea.

Mazoezi ya namna hiyo si mageni kwa wahitimu wa shule wanaopokea vyeti leo: wamekimbia mchakamchaka, zile mbio za asubuhi shuleni, kwa miaka, wengine kwa kuogopa fimbo ya kiranja. Kuanzia kesho hakuna wa kugonga dirisha la bweni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki: nusu saa kwa siku 5, ratiba ileile ya mchakamchaka, ukiondoa Jumamosi na Jumapili.