Chakula Kilichofungwa Udongoni

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno moja tu: fo-sfo-ra-si. Ninyi lisomeni pamoja, polepole. Fosforasi. Si neno la Kiswahili cha babu zetu, lakini kitu chenyewe kimo katika kila punje ya mahindi mliyokula tangu utotoni, na katika mifupa yenu pia.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo limewapotezea wakulima wengi fedha zao. Mtu ananunua mfuko wa mbolea kwa fedha ambazo zingelipa ada ya mtoto. Anaimwaga shambani. Mvua inanyesha, mahindi yanaota. Baada ya majuma manne anakwenda kuyatazama, na tazama, yamedumaa, na majani ya chini yana rangi ya zambarau kandokando. Jirani mmoja anasema mbolea ilikuwa ya bandia. Mwingine anasema shamba limerogwa. Kumbe huenda mbolea ilikuwa njema kabisa. Imo humo humo shambani, karibu na mzizi, lakini mmea hauwezi kuila.

Kwa nini? Sikilizeni.

Katika nchi za milima zenye mvua nyingi, kama Bukoba, Njombe, Usambara, au magharibi ya Kenya, mvua imekuwa ikiosha udongo kwa maelfu ya miaka. Imechukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, ikavishusha chini kabisa. Vilivyobaki ni vile visivyoosheka upesi: chuma na alumini. Wekundu mnaouona katika udongo wetu ni kutu ya chuma, kama kutu ya jembe la zamani. Udongo wa namna hii mara nyingi huwa na tindikali, yaani uchachu. (Nasema mara nyingi. Uko udongo mwekundu usio na tindikali, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake.)

Wataalamu hupima tindikali kwa namba. Namba 7 ni katikati, si chachu wala si chokaa. Namba ikishuka, tindikali imezidi. Ikishuka chini ya 5 na nusu, alumini huanza kuyeyuka katika maji ya udongo, na alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa mizizi. Mizizi huwa mifupi, minene, haina vijizizi vyembamba. Chai huvumilia hali hiyo, tena huipenda. Maharage hayaivumilii.

Sasa mwaga fosforasi katika udongo huo. Chuma na alumini huidaka na kuishika kama kupe anavyoshika ngozi ya ng'ombe. Kadiri fosforasi inavyogusana na udongo mwingi, ndivyo inavyokamatwa zaidi. Tena fosforasi si msafiri. Naitrojeni hutembea na maji, lakini fosforasi ukiiweka mahali, msimu ujao utaikuta karibu pale pale. Mzizi ndio lazima uifuate, nao mzizi wenyewe umekwisha dumazwa na alumini. Basi mmea unapata hasara mara mbili.

Mmea wenye njaa ya fosforasi huiondoa katika majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Ndiyo maana zambarau huanza chini. Lakini angalieni: baridi kali, au mdudu aliyekata mizizi, huweza pia kuyafanya mahindi machanga yawe ya zambarau. Ng'oa mche mmoja uutazame kwanza. Kwa maharage, ng'oa mche utafute vile vifundo vidogo kwenye mizizi vinavyotengeneza naitrojeni. Pasipo fosforasi ya kutosha, vifundo huwa vichache na vidogo.

Mtauliza, tufanye nini basi?

Kwanza, usimwage mbolea ya fosforasi shamba zima. Itie shimoni. Ikikaa mahali pamoja, inagusana na udongo kidogo, na mzizi mchanga unaikuta mapema. Mfuko mmoja wa TSP wa kilo 50 kwa eka, mashimo yakiwa na nafasi ya sentimeta 75 kwa 60 na mbegu mbili kila shimo, hutoa gramu 5 na nusu hivi kwa shimo, kama kizibo kimoja cha soda. Funika mbolea kwa udongo kidogo, kisha ndipo uweke mbegu. Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka, nikaweka mbegu juu ya DAP tupu. Nusu ya mistari haikuota. Iliunguzwa na mbolea niliyoilipia mwenyewe.

Pili, chokaa ya kilimo. Chokaa hupunguza tindikali, alumini hutulia, na mizizi hupata nafuu ya kutembea. Huchanganywa vizuri na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala haitiwi shimo moja pamoja na mbolea. Lakini msidanganyike: chokaa haileti fosforasi. Shamba lililochoka, lenye fosforasi kidogo, ukilitia chokaa peke yake, utakuwa umemfungulia mgeni mlango na kumkaribisha kwenye sahani tupu. Tena chokaa ikizidi huharibu, kwa hiyo mwombeni bwana shamba au bibi shamba apime udongo kwanza. Nao wanaotumia salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka wajue kwamba mbolea hiyo huongeza tindikali.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha. Karibu na Ziwa Manyara, mahali paitwapo Minjingu, kuna mawe ya fosforasi yaliyotokana na kinyesi na mifupa ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Yamekuwa yakichimbwa tangu miaka ya 1980. Mawe hayo yakisagwa, huyeyushwa na tindikali ya udongo. Yaani ugonjwa wenyewe wa shamba ndio unaopika mbolea! Huenda polepole kuliko TSP, lakini husaidia misimu kadhaa. Penye udongo wa chokaa hayafai, kwa maana hakuna cha kuyayeyusha.

Na mbaazi je? Mbaazi ni fundi wa kufungua kufuli. Mwaka 1990 wataalamu waliofanya kazi India walieleza kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayokamata chuma, na fosforasi iliyoshikwa na chuma huachiliwa. Kuchanganya mbaazi na mahindi si uvivu wa wazee. Samadi nayo husaidia, na hata majani mabichi ya alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano kando ya barabara, yakikatwa na kufukiwa. Majani yakioza hushindana na udongo, yakaiachia mimea nafasi ya kula.

Kazi ya juma hili. Katika pembe ya shamba la darasa pimeni mistari mitatu ya hatua kumi kumi. Wa kwanza msiutie kitu. Wa pili utieni TSP shimoni. Wa tatu utieni chokaa leo, kwa kipimo atakachosema bwana shamba, kisha TSP wakati wa kupanda. Pandeni mbegu moja ile ile, siku moja. Kila Jumamosi mmoja wenu apime urefu wa mimea mitano katika kila mstari na kuandika daftarini: tarehe, mstari, sentimeta. Asiyejua bado kuandika tarakimu vizuri ndiye aanze kushika kalamu. Mkivuna, pimeni punje kwa mizani ya duka, si kwa macho.