Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Chuo cha Ufundi Stadi



Wahitimu wetu, nimeisikiliza risala yenu. Mmeomba vifaa vya kuanzia kazi, na mashine moja ya kuchomelea pamoja na vyerehani viwili nitavitoa mimi. Lakini kuna jambo mmelisoma haraka, nalo limenichoma: kwamba huko mtaani mnaitwa wavivu, vijana wa kuchagua kazi. Naomba niwajibu wanaosema hivyo, maana wengi wao ni wa rika langu.

Sisi tuliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 hatukudaiwa ada. Masomo, malazi na chakula vyote vililipiwa na Serikali. Tulipomaliza, tulipangiwa kazi. Wengi wetu tuliomba viwanja, tukaandikiwa ofa, tukajenga polepole kwa mshahara. Tulijituma, sikatai. Ila ngazi tuliyopandia ilinunuliwa kwa jasho la wakulima wa pamba na kahawa, ambao watoto wao wengi hawakufika hata sekondari. Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama. Leo msomi aliyesoma kwa mkopo wa Serikali akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, na kile kiwanja kilichonijengea mimi maisha yeye hawezi kukigusa.

Wazee wenzangu mtakumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa katika kampuni, au mishahara miwili. Mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa katika kikao kule Zanzibar. Siwaombi turudi nyuma. Nakumbuka maduka matupu na foleni za sukari. Ninachokililia ni swali tulilolipoteza. Zamani mwenye mali ndiye aliyeulizwa: umepataje? Siku hizi anaulizwa maskini: kwa nini huna? Mwenye nacho akifika kwenye harambee tunampa kipaza sauti, wala hatutaki kujua fedha zimetoka wapi.

Msinielewe vibaya, wanangu. Si kila mzee ana nacho. Mvuvi, mkulima, mama lishe, hawa wanazeeka bila pensheni. Zanzibar tangu 2016 hulipa pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70. Huku Bara bado hatujafika hapo, na inaniuma. Kwa hiyo ugomvi wetu si wa vijana na wazee. Yule aliyepewa ofa miaka ile atamwachia mwanawe nyumba, na mwanawe ataanza maisha bila kodi. Mtoto wa jirani, mwenye cheti kilekile na mikono ileile, ataanza na deni. Baada ya miaka ishirini tutawatazama wote wawili na kusema mmoja alikuwa na bidii. Huo ni uongo, na tunaurudia mbele ya watoto wetu.

Lakini, wahitimu, pa kuanzia papo: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Jiungeni katika vikundi, mkaidai haki hiyo.

Sasa nazungumza na wenye fremu mlioko hapa. Kijana wa uchomeleaji akija kupanga tunamdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye hajauza hata geti moja. Fedha hiyo ndiyo mtaji wake wote. Mimi fremu zangu nitawapangisha wahitimu wa leo kwa kodi ya mwezi kwa mwezi. Nimemwomba Mkuu wa Chuo aweke daftari meza kuu. Wazazi wenzangu, tukaandike majina yetu na mahali fremu zilipo kabla hatujaitwa kwenye chakula.