Nguvu za Mwili, Kuteguka Mguu, na Mchezo wa Ngumi: Mazungumzo kwa Watu wa Garsen

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa Garsen, wa Ngao, wa Wema, na wa vijiji vyote vilivyo kandokando ya mto: leo nataka kunena nanyi juu ya nguvu za mwili, namna zinavyopatikana, namna mtu anavyozipoteza akiumia, na namna anavyoweza kuzirudisha. Baada ya hayo nitanena habari ya mchezo wa ngumi, maana ndilo jambo linalowagawanya wazee na vijana. Kijana asema, “Nipeni nauli niende Mombasa nikajifunze ngumi.” Baba akataa, mama alia, na hakuna mmoja kati yao aliyeelezwa sawasawa jambo lenyewe ni nini.

Kwanza tuiache ile dhana kwamba nguvu ni kitu cha mjini, kipatikanacho mahali penye vyuma vya kuinua tu. Mtazameni Mpokomo apandishaye mtumbwi kinyume cha mkondo. Huusimika upondo chini kabisa, akausukuma kwa mabega, kwa mgongo na kwa mapaja, na wakati huo huo nyayo zake zashika usawa juu ya kitu kisichotulia. Mtazameni Muorma avutaye maji kisimani kwa ajili ya ng’ombe wake, ndoo baada ya ndoo, jua likiwa utosini. Mtazameni mama atwangaye mpunga. Watu hao hawajapata kumwona mwalimu wa mazoezi, lakini kijana wa mjini aliyejaa kifua akipewa ule mchi kwa nusu saa, ataomba maji.

Lakini kazi hizo zina upungufu wake. Huufanyisha mwili mwendo mmoja daima, wala hazimfundishi mtu wepesi. Mpiga upondo ana mgongo imara, ila akiambiwa aruke mfereji huenda akaangukia ndani. Kwa hiyo mazoezi ni ya kuongeza kile ambacho kazi haikuleta. Mtu aliyelima tangu alfajiri hana haja ya kuinua magunia ya mchanga jioni. Haja yake ni chakula na usingizi.

Sasa nije kwenye kuruka. Watu wa Kenya wamesifiwa kwa mbio, na wengi husahau kwamba mojawapo ya mbio zilizowapa sifa kubwa ni mbio za kuruka. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, Amos Biwott alishinda mbio za mita 3,000 zenye vizuizi. Katika mbio hizo kuna kizuizi chenye kimo cha sentimita 91, na mbele yake dimbwi la maji lenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu. Wenzake walikanyaga juu ya kizuizi kisha wakatua majini, kama ilivyo desturi. Biwott aliruka kizuizi na dimbwi pamoja, akatua pakavu. Tangu mwaka huo hadi 2016, kila mara Kenya ilipohudhuria Olimpiki, medali ya dhahabu ya mbio hizo kwa wanaume ilichukuliwa na Mkenya.

Nguvu ya kuruka haikai katika paja peke yake. Nyuma ya kisigino pana ukano mnene uunganishao kisigino na shavu la mguu. Mtu akitua kisha akaruka tena upesi, ukano huo hutanuka kidogo na kurudi kama uzi wa upinde. Mtazame Mmasai au Msamburu katika ngoma yake: magoti hayakunji sana, visigino havikai chini, naye yupo juu tena kabla hujahesabu. Huo ni ujuzi wa zamani, na walimu wa michezo wa ng’ambo huwafundisha wanafunzi wao miruko ya namna hiyo hiyo.

Anayeanza na aanze chini. Kwa majuma matatu au manne achuchumae na kuinuka polepole, mara kumi kumi, na ainuke juu ya vidole vya miguu huku akishika mti. Baadaye aanze kuruka, mara mbili kwa juma, miruko 40 au 60 tu kwa siku moja, na kati ya siku hizo mbili apumzike kwa saa 48 kamili. Kutua ndiko kunakoumiza watu wengi. Magoti yakunjwe kidogo, yaelekee upande wa vidole, yasigongane kwa ndani. Na mtu atue bila kishindo. Mchanga wa kando ya mto ni mwema kwa jambo hilo, maana hupunguza kishindo na kuifanyisha miguu kazi zaidi. Ila kaeni mbali na ukingo. Mamba hana habari kwamba mnafanya mazoezi.

Mkitaka kupima maendeleo yenu, hamhitaji chombo cha fedha nyingi. Kijana asimame kando ya ukuta, anyoshe mkono, atie alama ya chaki. Kisha aruke atie alama nyingine juu. Nafasi iliyo kati ya alama mbili ndicho kimo cha mruko wake. Na apime tena kila baada ya majuma mawili. Akiona alama yashuka ingawa anajitahidi, asidhani amekuwa mvivu akaongeza mazoezi. Mara nyingi mwili umechoka, na dawa yake ni siku tatu au nne za kupumzika. Musuli hauongezeki wakati wa kazi. Wakati wa kazi huchanika kidogo kidogo, na wakati wa kulala na kula ndipo unapojengwa upya. Kwa kula, nchi ya Tana haina haja ya makopo ya unga wa dukani: pana kambare na kamongo, pana maziwa, kunde na wali. Nao wafungao Ramadhani wapunguze mazoezi, wayafanye karibu na saa ya kufuturu, ili maji yawe karibu.

Mguu ukiteguka, desturi yetu ni kuukanda kwa maji ya moto na mafuta saa ile ile, na pengine kumwita mtu auvute. Nawasihi tuiache desturi hiyo kwa siku mbili za kwanza. Ndani ya mguu damu bado yavuja, na joto pamoja na kusuguliwa huongeza uvimbe. Ufungeni kwa kitambaa kilichochovywa katika maji baridi ya mtungi, msikaze hata vidole vikapoa, na mwenye kuumia ainue mguu juu ya mto wa kulalia. Kisha mwangalieni: je, aweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Mkibonyeza ule mfupa unaotokeza kando ya kifundo, je, apiga kelele? Asiyeweza hatua nne, au mwenye maumivu katika mfupa wenyewe, yampasa kwenda hospitali, Ngao au Hola, apigwe picha ya mfupa.

Ikiwa mfupa ni mzima, msimlaze majuma mazima. Hapo elimu imebadilika. Zamani waganga walisema mtu alale mpaka maumivu yaishe. Siku hizi wajua kwamba kiungo kisichotumika hudhoofika. Baada ya siku moja au mbili auzungushe mguu taratibu, kisha ausimamie, kisha ajifunze kusimama kwa mguu mmoja akihesabu hadi thelathini. Zoezi hilo la mwisho watu hulicheka, nami naliona kuwa la maana kuliko yote, kwa sababu kifundo kilichoteguka mara moja ni chepesi kuteguka tena, na kusimama kwa mguu mmoja hukirudishia akili yake. Asirudi uwanjani kabla hajaweza kuruka mara kumi kwa mguu ule ule ulioumia bila maumivu. Wengine huchukua majuma mawili, wengine miezi miwili. Siku ya mechi ya fainali haiujui mguu wa mtu.

Hata watu wakubwa huwabidi wangoje. Mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana Kinshasa, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla ya pambano Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi. Wageni wamekwisha kufika, fedha nyingi zimekwisha kutolewa, ulimwengu wangoja. Hata hivyo pambano liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, ili ngozi ishikane. Ali akashinda katika raundi ya nane.

Lile jeraha la Foreman lilionekana na kila mtu, na kwa hiyo kila mtu alikubali kungoja. Tatizo kubwa la ngumi ni jeraha lisiloonekana. Ubongo umo ndani ya fuvu kama maji ndani ya dafu: ukilitikisa kwa nguvu, kifuu hakina hata ufa, lakini maji yamesukwasukwa. Kofia ya ulingoni huzuia ngozi kuchanika, wala haizuii mtikisiko huo. Tena mtu mwenyewe huwa hajui. Kijana ameteguka mguu, mguu wenyewe humwambia aketi. Ametikiswa ubongo, kiungo ambacho kingemwonya ndicho kilichoumia.

Twalikumbuka jina la Robert Wangila. Mwaka 1988 kule Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika ngumi za Olimpiki. Akaingia ngumi za kulipwa huko Marekani. Mwezi wa Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake katika raundi ya tisa. Wangila hakukubali, alijiona mzima. Muda mfupi baadaye alizimia, na hakuzinduka tena. Alikuwa na miaka 26.

Hivyo wazee husema, “Basi mchezo huu upigwe marufuku.” Nawaelewa. Ali naye aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kutetemeka mwaka 1984, na wengi waliomwona baadaye hawakumtambua yule mtu mwenye maneno mengi. Mwaka 1982 Kim Duk-koo wa Korea alikufa baada ya kuangushwa katika raundi ya 14, na baada ya kifo chake ndipo mapambano ya ubingwa yalipoanza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Mchezo uliongoja mtu afe ndipo upunguze raundi hauwezi kudai kwamba daima umewajali wachezaji wake.

Lakini neno moja la wazee silikubali, nalo ni kwamba ngumi hufundisha ukatili. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika nchi hii ya Tana, Wapokomo na Waorma, wanawake na watoto pamoja. Waliofanya hayo hawakufundishwa na mwalimu wa ngumi. Ulingoni mtu hupigana na mwenye uzito kama wake, kengele ikilia huacha, na mwenzake akianguka hurudi nyuma kwenye kona. Philip Waruinge alipata medali ya shaba mwaka 1968, akapewa na kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Hilo si kombe la ukatili. Wanawake nao wameingia: mwaka 2012 kule London, michezo ya Olimpiki ilipowakubali mabondia wa kike kwa mara ya kwanza, Elizabeth Andiego aliiwakilisha Kenya.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazazi ni hili. Mazoezi ya bondia ni mema kwa kijana yeyote: kuruka kamba, kukimbia, kupiga mfuko wa mchanga, kujifunza kusogeza miguu. Hayo yote yaweza kufanywa hapa Garsen, na kijana asikatazwe. Kupigana kichwani ni jambo jingine. Yasifanyike mahali pasipo na mwalimu aliyefunzwa, mwamuzi na daktari. Na hapa kwetu tufikiri pia juu ya barabara. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilometa 100, hadi Mombasa zaidi ya 200, na damu ikivuja ndani ya fuvu, mtu hana saa nyingi za kusubiri mpasuaji. Wale vijana wafanyao duara uwanjani siku ya sikukuu, wakapigana kwa glavu za kuazima huku watu wakishangilia, wamechukua hatari ambayo bingwa wa Olimpiki mwenye daktari ulingoni hakuiepuka.

Na mwenye kwenda Mombasa aende ajiandikishe katika klabu ya ngumi za ridhaa. Humo, aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hukatazwa ulingo kwa siku zisizopungua 30. Mama, mwulize mwanao kwa simu: siku hizo zimehesabiwa? Akikujibu kwamba mwalimu wake hahesabu, mtumie nauli ya kurudi.

Mwisho, kwa wale wanaolala nyumba moja na mtu aliyepigwa kichwani, ikiwa ni kwa ngumi, kwa mpira, au kwa kuanguka mnaziini. Siku ile asirudi mchezoni hata akisema ni mzima. Asinywe pombe. Usiku mwamsheni mara mbili au tatu, mwulizeni jina lake na siku ya leo. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, akisema maneno yasiyoeleweka, au akiwa mgumu kuamka, mtafutieni gari saa ile ile, wala msingoje mapambazuko.