FAIDA IKO DAFTARINI, SI SANDUKUNI

(Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama, wageni na vijana wanaojifunza kutunza vitabu, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi si michache. Vikundi vingi vya akina mama huanzishwa kwa vigelegele, kisha hufa kimya kimya, na ukiuliza sababu unaambiwa tu, "Walishindwana kwenye hesabu."

Historia ya kikundi ameieleza Katibu wetu katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nimeomba nizungumzie hizo hesabu. Nasikia wengine mnaguna, eti mwenyekiti analeta hesabu kwenye sherehe! Naam, naleta, maana Mkutano Mkuu uko mbele yetu na ajenda kubwa ni mgao. Maneno yameshaanza. Wapo wanaosema faida yote igawiwe, miaka kumi haiji mara mbili. Wapo wanaosema faida haipo, imeliwa na viti na turubai. Kabla hatujarushiana maneno, tuelewane kwanza: faida ni kitu gani?

Elimu yangu ni ya msingi tu. Haya nimeyapata kwenye semina za vikundi na kwa kukaa na daftari. Ninyi vijana wa chuoni mtayakuta haya haya kwenye vitabu vyenu, ila kwa majina makubwa zaidi.

HESABU ZA MFANO

Sitaki mtu ajione anasemwa, kwa hiyo tuchukue kikundi cha mfano. Kina akina mama 30. Katika mwaka, kila mmoja amenunua hisa za Shs. 300,000/=, jumla Shs. 9,000,000/=. Mwezi wa kwanza wamenunua viti vya plastiki na turubai kwa Shs. 2,000,000/= ili wakodishe kwenye harusi na misiba. Mwaka mzima wamepokea riba, au ada ya mkopo kama wengine tunavyoiita, Shs. 1,800,000/=. Kukodisha kumeingiza Shs. 1,500,000/=. Matumizi ya usafiri, madaftari na stoo waliyolipia ni Shs. 400,000/=. Mwisho wa mwaka mikopo iliyoko mikononi mwa wanachama ni Shs. 6,000,000/=.

Sasa anasimama mama wa kwanza. Anasema: zimeingia 3,300,000, zimetoka 400,000 na 2,000,000 za viti, kwa hiyo faida ni Shs. 900,000/=. Kila mtu elfu thelathini, twende nyumbani. Anasimama wa pili: "Wewe mama vipi? Viti si hivi hapa tumevikalia? Hazijapotea hizo. Faida ni Shs. 2,900,000/=!" Kila mtu anapata zaidi ya elfu tisini na sita. Makofi yanapigwa.

Ndugu wanachama, wote wawili wamekosea.

VITI HUCHAKAA

Viti havikuliwa mwaka huu wote, lakini pia havikubaki vipya. Kila harusi kimoja kinavunjika mguu, na turubai linatoboka. Tukikadiria vitatumika miaka mitano, kisha masalio yake yauzwe Shs. 200,000/=, basi kitakachochakaa ni Shs. 1,800,000/=. Gawanya kwa miaka mitano: Shs. 360,000/= kila mwaka. Hiyo ndiyo gharama ya viti kwa mwaka huu. Wataalamu wanaita uchakavu.

Msingi wake ni haki. Mapato ya mwaka huu yabebe gharama iliyoyaleta, na mapato ya mwaka kesho yabebe ya kwake. Tukibebesha mwaka mmoja viti vyote, tunamdhulumu mwanachama anayeondoka mwaka huu. Tusipobebesha chochote, anayebaki ndiye atakayekuta viti vimekwisha na hakuna senti ya kununua vingine. Na tukishakubali miaka mitano, tusije tukabadili kuwa kumi kwa sababu tu mwaka huu tunataka mgao mnono. Ukibadili kipimo kila mwaka, huwezi kujua kama mtoto amekua.

PESA ILIYOINGIA SI LAZIMA IWE YAKO

Katika zile 1,500,000 za kukodisha, Shs. 150,000/= ni advansi ya watu wenye harusi mwezi wa kwanza mwakani. Pesa iko sandukuni, kweli. Lakini harusi haijafika na viti havijatoka stoo. Wakiahirisha, tutatakiwa kurudisha. Kwa hiyo hiyo si faida, ni deni letu kwao. Tutaihesabu kuwa pato siku tutakapokuwa tumefanya kazi.

Kinyume chake pia kipo. Kuna riba ya Shs. 300,000/= ya mikopo iliyokwisha kutumika mwaka huu, lakini wakopaji wataleta mwezi ujao. Tumeshaistahili, hivyo ni pato la mwaka huu ingawa hatujaishika mkononi. Vile vile mwenye stoo anatudai miezi miwili, Shs. 40,000/=. Kutolipa hakufuti gharama. Tumelaza viti vyetu kwake, tunadaiwa.

Vijana, hapa ndipo ilipo tofauti kati ya kuandika pesa inavyoingia na kutoka, na kuandika jambo linapotokea. Daftari la fedha linakwambia ya kwanza. Faida inataka ya pili.

KUTENGA SI KUSAMEHE

Sasa nafika penye ugomvi. Katika ile mikopo ya Shs. 6,000,000/=, kuna mwanachama mmoja mwenye deni la Shs. 500,000/= aliyehama na simu haipokelewi. Tukiangalia dhamana yake na wadhamini wake, tunaona labda nusu itapatikana. Basi Shs. 250,000/= tunaitenga kama hasara inayotarajiwa.

Hapo akina mama wanawaka moto: "Kwa hiyo mnamsamehe? Na mimi nisilipe!" Hapana, mama. Kutenga si kusamehe. Deni lake linabaki kwenye leja kwa jina lake, shilingi laki tano kamili, na wadhamini wataendelea kufuatwa. Tulichofanya ni kukataa kujidanganya wenyewe. Tusigawane leo pesa ambayo tunaona kwa macho yetu kwamba huenda isije.

Hata wakubwa wanafanya hivyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018, benki zinazofuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha zinatumia kiwango kinachoitwa IFRS 9. Hazingoji tena mkopaji ashindwe kabisa. Zinatakiwa kukadiria mapema hasara inayoweza kuja na kuitenga. Kama benki yenye majengo ya ghorofa inatenga, sisi wenye sanduku la kufuli tatu tunajivunia nini?

FAIDA YENYEWE

Sasa tuhesabu pamoja. Riba 1,800,000 na 300,000 ni 2,100,000. Kukodisha 1,500,000 toa 150,000 ni 1,350,000. Jumla ya mapato Shs. 3,450,000/=.

Gharama: 400,000 na 40,000 ni 440,000. Uchakavu 360,000. Deni lenye mashaka 250,000. Jumla Shs. 1,050,000/=.

Faida ni Shs. 2,400,000/=. Gawa kwa 30, kila mama anapata Shs. 80,000/=. Si elfu thelathini ya mama wa kwanza, wala si elfu tisini na sita ya mama wa pili. Na angalieni: tungemfuata yule wa pili, tungegawana nusu milioni ambayo si faida. Ingetoka wapi? Ingetoka kwenye hisa zetu wenyewe. Huko ni kupika mbegu na kushangilia kwamba chakula ni kingi.

MIZANIA, KIOO CHA KIKUNDI

Kuna swali moja limebaki. Faida tumeijua, je, mali yetu iko wapi? Hapo tunaandika mizania.

Tulivyo navyo: sandukuni, benki na kwenye simu, taslimu Shs. 3,900,000/=. Mikopo, baada ya kutoa ile hasara inayotarajiwa, 5,750,000. Riba tunayodai 300,000. Viti na turubai baada ya uchakavu 1,640,000. Jumla Shs. 11,590,000/=.

Vinadaiwa na nani? Wenye harusi 150,000. Mwenye stoo 40,000. Kilichobaki ni cha wanachama: hisa 9,000,000 na faida 2,400,000, yaani 11,400,000. Jumla Shs. 11,590,000/=. Pande mbili zimelingana. Mali zote ni sawa na madeni pamoja na haki ya wanachama.

Jambo hili si geni duniani. Mtawa mmoja wa Kiitaliano, Luca Pacioli, alichapisha kitabu cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, akaeleza humo namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila jambo pande mbili, linakotoka na linakokwenda. Zaidi ya miaka mia tano imepita, na njia ni ile ile. Lakini pande kulingana peke yake haitoshi. Ukiandika uwongo pande zote mbili, utalingana vile vile. Ndiyo maana tunahesabu viti kwa mkono na kulinganisha kitabu cha kila mwanachama na leja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Haki ya kila mama katika mfano huu ni Shs. 380,000/=. Sandukuni kuna 3,900,000. Siku moja uvumi ukizuka mtaani kwamba kikundi kinakufa, wote 30 wakaja asubuhi kudai chao, itakuwaje? Kumi wa kwanza wataondoka na haki yao yote. Wa kumi na moja atakuta laki moja. Akina mama kumi na tisa hawatakuta kitu, na wenye harusi pia wamepoteza advansi yao. Hapo hakuna aliyeiba! Faida ilikuwepo, mali ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye mikopo na viti, haikuwa noti.

Na nani huwa wa mwisho kwenye foleni? Ni mama anayeuguza mgonjwa hospitalini, ni bibi asiye na simu, ni mjane aliye shamba. Wenye habari hufika mapema. Kwa hiyo ndugu zangu, kutunza vitabu si kazi ya kuwafurahisha wakaguzi tu. Ni kumlinda yule ambaye hayupo.

TUNAYOPELEKA MKUTANO MKUU

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama vyetu katika daraja la nne. Basi hatuwezi tena kusema sisi ni mchezo wa upatu wa majirani. Kamati inaleta mapendekezo manne, myafikirie nyumbani:

1. Mgao utokane na faida iliyohesabiwa kama nilivyoeleza, na hesabu zibandikwe ukutani siku saba kabla ya mkutano, kila mwenye swali aulize.

2. Fedha inayolingana na uchakavu wa kila mwaka iwekwe akaunti ya peke yake, isikopeshwe. Maana kuandika uchakavu daftarini hakununui kiti. Pesa ndiyo inayonunua.

3. Orodha ya mikopo ipitiwe kila baada ya miezi mitatu, iliyochelewa itengewe fungu kwa kipimo kimoja kwa wote, awe kiongozi au mwanachama wa kawaida.

4. Advansi za wateja ziandikwe ukurasa wake, zisichanganywe na mapato mpaka shughuli ifanyike.

Najua mgao utakuwa mdogo kuliko wengine mlivyotarajia. Lakini mama anayekwambia ukweli wa chungu kabla ya wageni kukaa ni bora kuliko anayepakua kwa mbwembwe, wa mwisho akaambulia ukoko.

Nanyi binti zangu mnaosoma, mtakapofika kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, msiyaone maneno uchakavu na madeni mabaya kama mambo ya makampuni ya mjini tu. Kumbukeni kiti kilichovunjika mguu na mama aliyehama. Na mkishafaulu, rudini mtukagulie vitabu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalo, ndugu wanachama. Lililobaki ni kukubali linachotuambia, hata kama hakitufurahishi.

Nawatakia sherehe njema na Mkutano Mkuu wa amani.