Mafuta mekundu ya bwate: gari yetu ilisimama juu ya nini

Maneno ya mfanyakazi wa shirika linalosindikiza chama, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, Kilo

Najua wengine mumetoka mbali kwa miguu, kwa sababu gari haikuwako ya kuwachukua. Juu ya hiyo gari ndiyo nimeitiwa. Komite imeniomba nieleze mambo ya mafuta ya bwate otomatike, na imeniomba pia nisizunguke. Basi nianze na kosa langu.

Katika rapporti ya miezi mitatu iliyokwenda kwa wafadhili, niliandika kwa mkono wangu: "Vidanje imefanyika." Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa vidanje ya moteri. Ya bwate haikufanyika hata siku moja tangu gari ivuke mpaka wa Mahagi. Shofere wetu aliniambia mara mbili kwamba bwate inachelewa kukamata asubuhi na inateleza kwenye mlima. Mara ya kwanza nilimwambia tungoje. Bajeti ilikuwa na mstari wa mazuti, mstari wa pine, mstari wa mafuta ya moteri. Wa bwate, hakuna. Mara ya pili nilisaini bidoni moja ya "mafuta mekundu" bila kuuliza ni mekundu ya aina gani. Siku tano baadaye gari ilisimama njiani kabla ya kufika Iga Barrière, imebeba magunia ya maharagi na mama mmoja aliyekuwa anakwenda kujifungua Bunia. Mama alimaliza safari juu ya pikipiki. Yeye na mtoto wako wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi sikulala ile usiku.

Kwa wafadhili watakaosoma maneno haya katika gazeti letu: wengi wa wanachama hawa walikimbia Djugu mwaka 2018, wengine wakaishia Bunia, wengine wakavuka Ziwa Albert mpaka Uganda. Waliporudi, mashamba yalikuwa porini. Walichanga kidogo kidogo ili wapate gari ya kupeleka mavuno sokoni bila kumwachia mchuuzi apange bei peke yake. Bwate ya okazyo kutoka Kampala imekula akiba ya miezi minane ya kese. Hiyo ndiyo bei ya bidoni chache ambazo sikununua.

Sasa tuitazame gari yenyewe. Hapa tunaiita kamiyo, lakini ilizaliwa Japani kama gari ya familia, Toyota Hilux Surf ya mazuti, litri 3, yenye turbo na bwate otomatike ya vitesi vinne. Kabla hatujainunua, watu waliikata nyuma wakaweka sanduku la mbao, wakaongeza resori, wakavalisha pine kubwa. Sisi wenyewe tulipandisha mbao za pembeni ili magunia yaingie mengi. Moteri ilivumilia. Pine zikavumilia. Bwate ndiyo iliyolipa deni, kwa sababu mzigo wote huo unapita ndani yake na unageuka joto.

Katika gari yenye ambreyaji, diski inashikana na moteri. Katika otomatike hakuna kanyagio hilo. Kati ya moteri na bwate kuna konvertisere, chungu cha chuma kilichojaa mafuta: moteri inazungusha mafuta, mafuta yanasukuma upande wa pili. Mafuta hayo hayo yanakwenda kubana diski ndogo zilizo ndani ya bwate ili vitesi vibadilike, yanalainisha meno, tena yanabeba joto na kulipeleka nje. Kwa hiyo ni sehemu ya mashini yenyewe, sawa na mkanda au meno. Ukiweka mafuta mazito ya 90 ya bwate ya kawaida, pompi haitayasukuma vizuri. Ukiweka ya moteri, diski zitashikana vibaya au zitateleza.

Mekanisye wa Bunia alipofungua, alikuta diski nyeusi kama makala. Mafuta yalikuwa ya kahawia, yananuka kama mkate ulioungua. Lakini lililonishtua ni radiatere. Radiatere ya gari otomatike ina chumba chake kidogo ambamo mafuta ya bwate yanapita kupoa. Zamani mtu alibadilisha radiatere yetu akaweka ya gari yenye ambreyaji, ambayo haina hicho chumba. Zile tiyo mbili za mafuta akaziunganisha moja kwa nyingine. Mafuta yalitoka bwateni yakarudi bwateni bila kupoa popote. Hayakuvuja, hayakupiga kelele, na sisi tulipita juu ya jambo hilo kila tulipofungua kapo kuongeza maji. Kwa mawazo yangu, hapo ndipo bwate ilipofia. Bidoni yangu iliharakisha tu.

Sasa tumefunga radiatere ndogo ya pekee kwa mafuta ya bwate, mbele ya ile kubwa. Kama unanunua gari ya namna hii, fuata tiyo mbili kutoka bwateni mpaka uone zinaishia wapi. Ni kazi ya dakika kumi chini ya gari.

Juu ya kuchagua: rangi nyekundu ni rangi tu, kiwanda kinaitia ili mtu ajue mafuta yanavuja wapi. Haisemi aina. Aina imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia, au katika kitabu cha gari. Kijiti chetu, tulipokifuta vizuri, kilionyesha Dexron. Jina hilo ni la General Motors ya Marekani, lilianza mwaka 1967, na Toyota nyingi za zamani zinalikubali. Toyota zilizofuata zinaomba T-IV, na zilizofuata tena zinaomba WS, ambayo ni mepesi zaidi. Haya matatu si ndugu wa kubadilishana. Na munapoona bidoni imeandikwa "Dexron III", mujue kwamba General Motors yenyewe iliacha kutoa ruhusa ya jina hilo tangu 2006. Tangu hapo unamwamini mtengenezaji tu. Ndiyo maana tumekataa bidoni isiyo na jina la kampuni, hata kama muuzaji ni rafiki yetu wa siku nyingi, hata kama bei yake inavutia.

Neno moja kwa wenye Isuzu Elf na Canter. Kukosa kanyagio la ambreyaji hakumaanishi kwamba ndani mna bwate kama yetu. Baadhi ya Elf zina bwate ya kawaida ambayo mashini inaikanyagia ambreyaji mahali pa shofere, na Canter za Duonic zina ambreyaji mbili. Kila moja ina mafuta yake. Musifuate maneno yangu ya Toyota. Someni ya kwenu.

Kubadilisha kwenyewe kunadanganya watu. Ukifungua kizibo cha chini, hayatoki yote. Karibu theluthi moja, pengine nusu. Mengine yanabaki katika konvertisere. Kwa hiyo ukifanya mara moja, umechanganya mapya na ya zamani. Sisi tunafanya mara tatu: tunatoa, tunapima katika chupa yaliyotoka, tunarudisha kiasi kile kile, gari inatembea siku mbili tatu, tunatoa tena. Mara ya kwanza tunashusha sufuria ya chini na kuangalia filtre na sumaku. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku, hiyo ni kawaida. Vipande vya chuma, simameni hapo, musipoteze mafuta mapya: diski iliyoungua haiponywi na bidoni.

Na kupima! Hapa ndipo ba shofere wengi wanakosea, kwa sababu wanapima kama moteri, gari imezimwa na imepoa. Moteri ikizimwa, mafuta yanashuka chini kutoka konvertisere, na kijiti kinaonyesha yako mengi. Ukiwasha, yanapanda, kumbe hayatoshi. Pompi inavuta hewa, yanatoa povu. Katika Toyota kama yetu unapima gari ikiwa imetembea na kupata joto, imesimama mahali pa usawa, moteri inaunguruma, frein imekanyagwa. Unapitisha mkono wa vitesi kila mahali polepole, unaurudisha P, ndipo unavuta kijiti. Usome alama ya joto, usisome ile ya baridi. Kuzidisha nako ni kubaya, kunatoa povu vile vile.

Kilometa? Tumekata 20.000, lakini pine kubwa zinafanya saa ya gari ihesabu chini ya njia iliyotembewa kweli. Basi shofere ataandika safari katika daftari, na komite itahesabu safari. Kwenye mlima azime overdrive, atumie 2 mapema, bwate isipandishe na kushusha vitesi bila kukoma. Akizama katika matope asikanyage mazuti dakika tano akingoja muujiza. Mafuta yanachemka hapo hapo. Ashushe magunia. Wenye magunia wasimkasirikie, nimeliona hilo kwa macho yangu. Na mbao za pembeni tumezipunguza ubao mmoja. Najua wengine hamujapenda.

Kwa wafadhili, mstari mpya wa bajeti unaitwa "mafuta ya bwate na filtre", umetengwa na ya moteri. Katika rapporti nitaandika aina, litri na tarehe, na karatasi ya muuzaji itaambatana. Mutakapoona neno "vidanje" peke yake, mniulize vidanje ya nini.

Tumeshafanya ya kwanza na ya pili. Ya tatu ni siku ya posho asubuhi, penye uwanja wa depo. Bidoni ziko ndani, zimefungwa, ufunguo uko kwa mama wa kese. Vijana watatu waje kushika chupa na kuandika. Na mama aliyeniomba mafuta machafu ya kupaka nguzo za nyumba yake juu ya mchwa, alete chombo chake, asikawie, kwa maana tumekatazana kuyamwaga mtoni.